Nani ana kauli? Kuurekebisha mradi wa kuzuia vipigo vya nyumbani ukae Mombasa

Mimi ni somo, yaani kungwi, mwanamke anayemfunda msichana kabla ya kuolewa. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafunda wari wa Mji wa Kale, Majengo na Kisauni, na kwa muda mrefu funzo langu la mwisho kabla ya bibi arusi kutolewa lilikuwa neno moja: vumilia. Akipandisha sauti, wewe shusha. Ya chumbani yaishie chumbani. Mmoja wa wari wangu alinirudia baada ya miezi minane ya ndoa. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akakunja mkono wa buibui hadi kwenye kiwiko, akaunyoosha nione. Hakusema neno. Nami sikuwa na neno, maana lile nililokuwa nalo nilikuwa nimeshampa.

Kwa hivyo kikundi chetu kilipoletewa SASA!, mradi wa kuzuia vipigo vya nyumbani, nilikubali kuwa mhamasishaji kabla hata sijamaliza kusomewa kitabu chake cha mwongozo. Haya nayaandika kwa mwenzangu aliyepewa kitabu kama kile, kimetungwa kwa ajili ya watu wa mji mwingine, akaambiwa akipeleke mtaani kwake.

Jua kwanza unachokibeba

SASA! ilitungwa na shirika la Raising Voices la Kampala, Uganda. Jina ni Kiswahili kitupu, sasa hivi, na pia ni herufi za kwanza za hatua zake nne kwa Kiingereza, ambazo sisi tuliziita kuanza, kuelewa, kusaidiana na kutenda. Ilipimwa Kampala kati ya 2007 na 2012 katika mitaa minane: minne ikapata mradi, minne ikasubiri. Matokeo yalitoka 2014. Kwenye mitaa iliyopata mradi, vipigo vya mume au mpenzi katika mwaka uliotangulia vilikadiriwa kuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko kule kulikosubiri. Mitaa minane ni michache, kwa hivyo ichukue namba hiyo kama makadirio. Mimi kilichonivuta ni kwamba walioulizwa walikuwa wakaazi wa mtaa kwa jumla, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga kikao. Maneno yalitoka baraza moja yakaingia nyingine, kama yanavyotoka maneno mengine yote.

Kabla hujabadilisha lolote, soma kitabu kizima mara mbili, kisha jiulize ni kitu gani ukikitoa mradi utabaki jina tu. Sisi tulipata vitatu. Cha kwanza ni mazungumzo juu ya nani ana amri juu ya nani; ukiyatoa hayo unabaki na mahubiri ya 'mpendane'. Cha pili ni mfuatano wa hatua. Cha tatu ni kwamba wanaozungumza ni majirani, wanawake kwa wanaume sawasawa, wanaoanza kwa kujitazama wenyewe. Picha, hadithi, mahali, saa, vyakula, majina, vyote hivyo badilisha upendavyo, na usimwombe mtu msamaha.

Hicho cha pili nilikijua kwa gharama. Mradi wetu wa kwanza ulikuja na pesa za miezi sita, na kule Kampala ulichukua karibu miaka mitatu. Waliotuletea pesa wakasema hatua mbili za mwanzo ni maneno tu, turukie kutenda. Sikubisha. Jumamosi moja asubuhi nikasimama karibu na soko la Kongowea, fulana nyeupe juu ya dera, kipaza sauti mkononi, nikitangaza kwamba mume mwema hampigi mkewe. Makuli wa viazi wakaniuliza mume wangu yuko wapi na nani amempikia. Hayo ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni kwamba mmoja wa wanawake waliosimama nami, mumewe aliona picha yake kwenye simu ya rafiki, na jioni akamuuliza kama huko ndiko anakofundishwa kiburi. Alinigongea saa nne usiku na watoto wawili, mguuni ana kiatu kimoja.

Tangu siku hiyo sheria yetu ni hii: pesa zikiwa za miezi sita, fanya hatua ya kwanza tu, kwa mtaa mmoja, uifanye vizuri, uwaambie wenye pesa hivyo hivyo. Wengine watakasirika. Waache wakasirike.

Neno likikataa, lifuate sokoni

Kitabu kinazungumza juu ya nguvu: nguvu iliyo ndani yako, nguvu juu ya mtu, nguvu pamoja na watu, nguvu ya kutenda. Nilikwenda maskani moja Mishomoroni, kijiwe cha vijana, nikauliza, 'Wanangu, nguvu ni nini?' Kijana mmoja, shavu limejaa majani ya muguka, akanionyesha kwa kidole bango lililobandikwa kwenye nguzo ya stima. Dawa ya nguvu za kiume, na nambari ya simu ya mganga chini yake. Kikao kikaishia hapo.

Tulikaa wiki tatu tukitafuta neno. Mwalimu mmoja akaleta mamlaka. Likanuka ofisi ya chifu. Mwengine akaleta uwezo. Watu wakafikiria pesa. Lililokaa lilitoka kwa mama anayeuza mahamri, naye hakuwa hata mwanachama, alikuwa anasubiri kulipwa. Akasema, 'Kwangu mimi napika, mimi nafua, na biashara nafanya mimi, lakini kauli ni yake.' Kauli! Kila mtu uani akalielewa bila kufafanuliwa. Tangu hapo hatuulizi nani ana nguvu, twauliza nani ana kauli, kauli hiyo aliipata wapi, na yule asiyekuwa nayo akitaka kusema hufanyaje.

Fanya hivyo kwa kila neno zito. 'Ukatili' kwetu watu husikia mauaji, kwa hivyo mwanamke aliyepigwa kofi tatu hajioni ndani yake. 'Dhuluma' wanaijua, wameisikia msikitini tangu utotoni, na anayedhulumu anajua ni dhambi ya namna gani. Halafu kuna neno ambalo usipokuwa wa hapa litakupita: kurudi, yaani kumwadhibu mtu ili ajirekebishe. Mwanamume atakwambia, 'Sikumpiga, nilimrudi tu.' Usimkatalie. Muulize alimrudi kwa mdomo au kwa mkono, na ilikuwa mara ya ngapi, na je, yeye akikosea nyumbani hurudiwa na nani.

Takwimu ziweke mbali mwanzoni. Niliwahi kuwasomea akina mama wa chama kwamba utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Mweka hazina akasema, 'Alhamdulillahi, basi sitini na sita tuko salama, tuendelee na mchezo.' Mchezo ndio ule wa kupeana pesa kwa zamu. Wakaendelea.

Vikombe viwili, kisha vitatu

Zoezi hili ndilo lililotufaa kuliko yote, na nitalieleza polepole.

Tafuta uani wa mtu ambaye mumewe anajua na hana neno. Saa ni baada ya alasiri, vyakula vya mchana vimeshaoshwa na vya usiku havijaanza. Wanawake wasizidi kumi na wawili. Uwe na vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, na kiganja cha mbaazi kavu. Kikombe kimoja cha mume, kimoja cha mke. Unauliza swali, na kila mtu kwa zamu anatia mbaazi moja kwenye kikombe cha mwenye kauli. Maswali yaanze mepesi: nani anaamua mboga ya leo? Nani anaamua mtoto aende shule gani? Laini ya M-Pesa ni ya nani, na nambari ya siri anaijua nani? Ukitaka kwenda kwenu kumwona mamako, unasema 'naenda' au unasema 'naomba'? Uzazi wa mpango tuliuacha hadi kikao cha tatu, na ya kitandani hadi cha nne, na hata hapo hatukumtaka mtu aeleze, mbaazi ilitosha.

Mara ya kwanza tulipolifanya, bibi arusi mmoja mgeni, wa miezi michache tu, alishika mbaazi yake asiitie popote. Aliigeuzageuza vidoleni. Nikadhani hakuelewa nikarudia swali. Akasema, 'Nimekusikia, somo. Kikombe cha mamake kiko wapi?'

Watu walicheka hadi jirani akachungulia ukutani. Kisha wakanyamaza, maana nusu yao walikuwa wametia mbaazi mahali pasipo pake. Nyumba nyingi za kwetu zina mavyaa, yaani mama wa mume, zina wifi, zina shangazi wa mume aliyeko Lamu lakini simu yake hulia kila jioni. Kitabu cha Kampala kilituletea watu wawili. Tukaingia jikoni tukatoa kikombe cha tatu, na tangu siku ile hatuendi popote bila vikombe vitatu. Nikiulizwa kurekebisha mradi ni kufanya nini, nakumbuka kikombe hicho, na nakumbuka kwamba sikukileta mimi.

Mbaazi zikishatulia, usihesabu kwa sauti. Uliza jambo moja: mbaazi hii ikihama kutoka hapa kwenda pale, nyumbani kutatokea nini? Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda mimi, kazi ya somo ni kusema. Hesabu moyoni hadi thelathini. Katika kikao kile mmoja alisema, 'Nitarudishwa kwetu.' Mwengine akasema, 'Nafikiri hakuna kitakachotokea. Nafikiri sijawahi kumuuliza.' Hao wawili walikuwa wamekaa mkeka mmoja, na ndio waliotufundisha kwamba hakuna ushauri mmoja wa kuwapa wote.

Wanaume nao wafanye zoezi lile lile, mahali pao, kwa kete za bao badala ya mbaazi. Maswali yale yale. Usiwahi kuwapelekea majibu ya wake zao. Tulishangaa swali la mboga: wanawake walitia kikombe cha mke, wanaume wakatia cha mume, kwa hoja kwamba anayetoa pesa ndiye anayeamua. Wote walikuwa wanaeleza sufuria moja.

Wanaume hawaitwi ukumbini

Tulijaribu. Viti hamsini, soda, watu wanane, na watano kati yao walikuwa wazee wa mtaa waliokuja kwa sababu ya kiti cha mbele. Wafuate walipo: maskani, gereji, stendi ya tuktuk, pale wanapotengenezea nyavu Mtongwe. Na anayewafuata asiwe mimi. Mtu wetu bora ni fundi wa tuktuk, mtu mkimya, mikono yake haitoki girisi. Tulimchagua kwa kuwauliza wanawake na wanaume wa mtaa, kila mtu kwa faragha, 'Ukiwa na siri nyumbani, ungemwambia nani hapa?' Jina lake likajirudia. Usichague msemaji hodari, na mzee wa mtaa usimfanye mhamasishaji hata akikuomba. Yeye ndiye anayeletewa kesi na kusuluhisha, na aliyezoea kuhukumu hawezi kuuliza swali bila kutoa jibu. Mwombe baraka zake, mpe taarifa, basi.

Maskani watakuletea hoja ya umaskini, na ina ukweli wake. Tangu reli ya SGR ianze 2017 na makontena kupanda treni, vibarua vya malori na gereji vilipungua Changamwe na Miritini, na msimu wa mvua hoteli za pwani ya kaskazini hupumzisha watu. Fundi wetu aliwasikiliza kijiwe kizima wakisema njaa ndiyo inayopiga. Alikuwa anafungua nati. Akauliza bila kuinua kichwa, 'Na mwenye nyumba, anapokuja kudai kodi mbele ya watoto wako, yeye umempiga mara ngapi?'

Kitabuni hakuna swali hilo, na mimi nikiuliza ningefukuzwa.

Dini

Hapa usiingie bila mwenye elimu. Utaulizwa juu ya aya ya 34 ya Suratun Nisaa, ile inayotajwa kuhusu mume kumpiga mkewe, na ukianza kuifasiri wewe uliyesoma chuo cha Kurani hadi ukaolewa, utapoteza kikao na pengine mtaa. Sisi tulikwenda kwa imamu miezi miwili kabla, tukamfanyisha zoezi la vikombe, tukamwachia mwenyewe achague la kusema. Alianza na hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake, akaifuatilia Ijumaa nne. Kwa ndugu zetu Wakristo wa Mikindani na Likoni, mchungaji alianzia Waefeso 5, kwa kuwa kila mtu alikuwa anajua mstari wa 22, wake watiini waume, na wachache waliwahi kusomewa wa 25, waume wapendeni wake zenu.

Mashehe au wachungaji wakikwambia wataunga mkono ila mada ya talaka isiguswe, kubali. Mradi huu si wa kuachanisha watu. Wakikwambia mwanamke aliyepigwa asielekezwe hospitali au polisi, hapo usikubali.

Ratiba ni fupi kueleza: Ramadhani vikao viwe vifupi au baada ya tarawehe, Januari kuna karo na hakuna atakayekaa, na ukiwa na watu wa ng'ambo zote mbili za Likoni usipange kitu cha saa kumi na moja jioni, feri itakuaibisha.

Kabla ya kikao cha kwanza, ujue utampeleka wapi

Watu wakianza kuzungumza, watafunua mambo. Ukiwa huna pa kuwapeleka, umewafungua bure. Tulitembea wenyewe kila mahali kabla ya kumtajia mtu. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Aliyenajisiwa afike ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Mapema zaidi ni bora, na asioge wala kufua nguo alizovaa. Nambari 1195 hupigwa bure popote Kenya kwa ajili ya ukatili huu, na 116 ni ya watoto. Polisi ndio wanaotoa fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, na daktari huijaza. Mahakama ya Kadhi inashughulikia ndoa na talaka za Waislamu, na kwenda huko hakumzuii mtu kwenda polisi. Wengi huambiwa wachague moja.

Ijulikane pia kwamba Kenya ina sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani. Inahesabu mambo ambayo wengi hawayaiti dhuluma: kunyimwa pesa kwa makusudi, matusi na vitisho, hata kulazimishwa kitandani ndani ya ndoa. Mahakama inaweza kumpa mtu amri ya kumlinda. Nilipomsomea haya mwanamke mmoja wa miaka hamsini na kitu, akaniuliza kama sheria hiyo imeandikwa kwa Kiswahili. Tukachapa muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chetu, herufi kubwa, wasio na miwani wasome.

Na usalama wa vikao: karatasi zetu hazina neno 'kupigwa' popote, juu zimeandikwa 'Kikundi cha Ushauri wa Familia'. Hatupigi picha. Hatutumi ujumbe kwa simu ambayo mume anaisoma; tunauliza kwanza, 'Nikikupigia, nani hupokea?' Mtu akitaka kueleza yake mbele ya wote, tunamshika mkono tunampeleka pembeni. Na wahamasishaji hawasuluhishi. Huu ndio msumari uliotuchoma zaidi, kwa sababu Mombasa kila aliyevaa kofia au leso ya heshima anaombwa asuluhishe. Jibu letu ni, 'Mimi nitakusindikiza, hukumu sina.'

Kupima

Idadi ya waliohudhuria itawafurahisha wenye pesa, nawe itakudanganya. Fundi na mimi tuna daftari moja la mistari. Kila wiki kila mhamasishaji anaandika sentensi moja aliyoisikia mtaani, na mahali alipoisikia, bila jina. Ukurasa wa kwanza umejaa 'ni mambo yao ya ndani'. Kufikia ukurasa wa kumi na moja kuna mtu aliyesikia kelele usiku akagonga mlango kuomba kiberiti, na hakuwa na haja ya kiberiti. Kesi zinazoripotiwa zikipanda katika mwaka wa kwanza, usiogope wala usikimbilie kusema mradi umeleta fujo: waliokuwa wananyamaza wameanza kusema.

Kila miezi mitatu tunatandika picha zote sakafuni na kutupa zisizofaa. Za Kampala zilikwenda zote, kwa magauni yake ya gomesi na mikungu ya matoke. Ya mwisho kutupwa ilikuwa yetu wenyewe, mwanamume anafua nguo kwenye karai; wanaume walikuwa wakiicheka hadi swali linapotea. Tukachoresha nyingine, mwanamume amepakata mtoto kwenye foleni ya kliniki, kadi ya chanjo mdomoni kwa sababu mikono yote miwili imeshika. Bado wanacheka, ila sasa wanabishana kama ile ni kliniki ya Mlaleo au ya Bamburi.